Miradi ya Kigoma ijaribiwe mwaloni kabla ya kuzinduliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera na kunipa matumaini kwa wakati mmoja. Siku hizi hapa Kigoma-Ujiji vijana wetu wanaitwa kwenye mafunzo ya fikra za usanifu na usimamizi wa miradi, ili wakatatue matatizo ya jamii: taka za sokoni, maji, ajira, mazao yanayoozea mikononi mwa wenyewe. Nilialikwa kwenye mafunzo ya aina hiyo nikiwa katibu wa kikundi cha akina mama wachakataji wa dagaa hapa Kibirizi. Nilikaa mpaka mwisho, nikaandika kila kitu, na nasema bila kusita kwamba mambo yale ni ya kweli na tunayahitaji. Ninachoomba ni kwamba yatoke ukumbini yashuke mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na halmashauri pamoja na wafadhili wayafanye kuwa sharti la kutoa fedha za mradi.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, nieleze kwa ufupi. Fikra za usanifu ni utaratibu wa kutafuta suluhisho kwa kuanzia kwa mtu atakayelitumia. Unakaa naye, unamtazama anavyofanya kazi, unalieleza tatizo upya kama ulivyoliona kwake, unabuni njia nyingi, unatengeneza mfano wa bei rahisi, unampa aujaribu, kisha unarekebisha. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani ndicho kilichoupa umaarufu mpangilio huu wa hatua tano. Usimamizi wa miradi unashughulikia nani anafanya nini, lini, kwa fedha ipi, na nani anajibu mambo yakikwama. Huko Marekani taasisi ya wasimamizi wa miradi ipo tangu 1969, na zile chati za Gantt tulizofundishwa kuchora, zinazoonesha kila kazi inaanza na kuisha lini, zina zaidi ya miaka mia moja. Basi, elimu ipo. Tatizo ni inapoishia.

Nianze na vichanja. Miaka kadhaa iliyopita uliletwa mradi wa vichanja vya kuanikia dagaa katika mwalo mmoja wa ukanda wetu huu wa ziwa. Mwalo siutaji wala mfadhili simtaji, kwa kuwa nia yao ilikuwa njema na hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Wazo lenyewe halikuwa na kasoro. Dagaa wanaoanikwa chini wanaokota mchanga, wanadonolewa na kuku, wanapitiwa na mbuzi, na hewa haiwafikii upande wa chini. Kwa jirani zetu wa Burundi, kwenye ziwa hili hili, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianza mwaka 2004 kuonesha vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na dagaa wakawa wanakauka haraka kuliko zamani. Kwa hiyo aliyeamua kutuletea vichanja hakukosea njia.

Lakini vichanja vilivyokuja vilikuwa vya chuma, vimepangwa mstari mmoja kando ya ukuta, kila kimoja upana wake futi sita. Sasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, anayekifikia kichanja kwa upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili ni ukuta, atawageuzaje dagaa walio kule ndani? Hafiki. Dagaa wa upande wa ukuta wakawa wanakauka juu na kubaki wabichi chini. Waya wenyewe ulikuwa wa aina inayoshika kutu. Msimu wa kwanza wa mvua ulipopita, kila dagaa aliyelala juu yake aliondoka na mstari wa kahawia tumboni, na mnunuzi wa kutoka Dar es Salaam akiuona mstari ule anashusha bei au anaondoka kabisa. Halafu eneo lilikuwa juu kwenye mteremko, mbali na mahali mitumbwi inaposhusha. Beseni la dagaa wabichi, zito, linachuruzika maji ya samaki usoni na shingoni, lilipaswa kupandishwa huko kichwani.

Hati ya makabidhiano ilisainiwa, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Leo vile vichanja vinaanikiwa mihogo na nguo, na akina mama wamerudi kwenye mchanga. Nimewahi kumsikia afisa mmoja akieleza kwamba mradi ule ulishindikana kwa sababu wanawake wa mwaloni hawataki mabadiliko. Maneno yale yaliniuma na yananiuma mpaka leo. Wanawake hawa hawa waliacha karabai na kuhamia taa za sola bila kusukumwa na mtu, waliposhika akaunti za mitandao ya fedha walijua kuzitumia kuliko waume zao. Wanachokikataa ni kazi kuongezeka na bei kushuka, na mtu yeyote mwenye akili zake angekataa.

Kikundi chetu kilipotaka vichanja vyake, binti mmoja aliyekuwa kwenye yale mafunzo aliomba kuja kukaa nasi kwanza. Nilidhani atakuja na fomu ya maswali kama wengine. Alikuja alfajiri wakati mitumbwi inarudi, akavaa kanga kiunoni, akabeba beseni, akaosha dagaa, akaanika, akageuza, akabaki mpaka jioni. Akaja tena, na tena. Maswali yake yalikuwa machache na aliyauliza mikono ikiwa kazini: "Mama, hapa umesimama kwa nini?" "Huyu mtoto akilia unamweka wapi?" "Jana ulipata hasara ya nini?" Nimekuwa muuguzi mkunga maisha yangu yote ya kazi, katika zahanati za vijiji vya ziwani, na najua tofauti ya kumuuliza mgonjwa akiwa kitandani kwake na kumuuliza akiwa amekaa mbele ya meza yako.

Siku moja alimuuliza bibi mmoja, mkongwe kuliko sisi sote pale, kama jua la siku hizi linatosha kukausha. Bibi akamjibu: "Mjukuu wangu, jua halijawahi kunishinda. Kinachonishinda ni kuanua."

Jibu lile liligeuza kila kitu. Sisi sote tulikuwa tunazungumza juu ya kuanika: kichanja kiwe na urefu gani, wavu uwe wa matundu gani. Hakuna aliyekuwa ameuliza juu ya kuanua. Lakini ukiyafuatilia maumivu ya mwaloni, hasara kubwa haitokei wakati jua linawaka. Inatokea pale wingu linapojikusanya mchana ghafla na kila mtu ana dagaa wake wametandazwa. Mwenye watoto wakubwa au wadogo zake karibu anaanua haraka. Aliye peke yake, mjane, mzee au mwenye kichanga, anaanua robo na robo tatu inalowa. Dagaa aliyekauka nusu akanyeshewa huwezi kumrudisha: anavunda, anatoa harufu, anakuwa chakula cha kuku, na hiyo ilikuwa ada ya mtoto. Kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili hadithi ni hiyo hiyo, na miradi yote tuliyowahi kuandikiwa ilihusu kukausha.

Basi tukabadilisha mpango. Badala ya vichanja vizito vilivyochimbiwa chini, fundi seremala wa mtaani alitutengenezea fremu ya miti myepesi, tukaitandika wavu chakavu wa kuvulia tuliopewa na wavuvi. Wavu wa nailoni haushiki kutu. Fremu ile ilibebwa na wanawake wawili, ikapandishwa juu ya miguu yake, ikashushwa, ikabebwa tena. Tulimwita mama mrefu aijaribu, tukamwita mfupi, tukamwita mwenye mtoto mgongoni. Wenye watoto walitaka usawa wa kiuno ili wasiiname. Wazee walitaka chini zaidi ili wafanye kazi wamekaa kwenye kigoda, lakini ilipowekwa chini kuku walifika. Mabishano yale yalikuwa makali, na nayakumbuka kwa furaha, maana yalifanyika juu ya miti ya bei chee. Yangefanyika juu ya chuma kilichochomelewa, tungekuwa tumeshachelewa. Mwisho fremu ikawa ya kiuno, na wazee wakapewa kazi ya kuchambua ambayo inafanyika kivulini.

Na fedha tuliyokuwa tumeikusudia kununulia vichanja vingi tuliigawa: vichanja vichache, na paa moja la bati lenye ngazi za mbao ndani, ambamo fremu zinachomekwa moja juu ya nyingine zikiwa na dagaa wake. Wingu likijikusanya, wanawake wawili wanashika fremu, wanaichomeka, wanafuata nyingine. Hakuna kuzoa dagaa kwa mikono huku matone yanaanguka. Tukapanga pia watu wawili wawili wa kuanuliana, na kila aliye peke yake akapewa mwenzake. Hilo la mwisho halikugharimu hata shilingi, na bado kwa maoni yangu ndilo lililookoa dagaa wengi kuliko bati.

Ninaeleza haya kwa kirefu, Mhariri, kwa sababu watu wanadhani ubunifu lazima uwe na mtambo. Wakati mwingine suluhisho ni mpangilio wa watu, na mpangilio huo huwezi kuuona ukiwa ofisini.

Hata hivyo kusikiliza peke yake hakutoshi, na hapa nina neno kwa vijana wetu. Kwenye yale mafunzo niliona karatasi za rangi zimejaa ukutani, mawazo mazuri mengi, na mwisho hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na jina la mtu na tarehe. Wazo lisilo na mwenyewe haliendi popote. Sisi tulinunua kaunta buku. Ndani yake kuna jina la msimamizi, mmoja tu, na zamu za kila wiki, na mapato. Kila anayeanika anatoa shilingi 500 kwa beseni, na fedha hiyo haiguswi kwa jambo lingine isipokuwa wavu, misumari na bati. Wavu ukichanika, msimamizi hahitaji kuitisha mkutano wala kumwandikia mfadhili barua. Anakwenda dukani.

Wakunga wenzangu watanielewa nikisema ratiba ya mradi inapaswa kufanya kazi kama patografu. Ni karatasi moja tunayochorea uchungu wa mama: njia imefunguka sentimita ngapi, saa ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto yakoje. Watafiti wawili, Philpott na Castle, waliiendeleza mwaka 1972 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaisambaza. Ina mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na, saa nne mbele yake, wa hatua. Alama zako zikiuvuka wa tahadhari, unaanza kujiandaa. Zikiufikia wa hatua, hakuna tena kusema tusubiri kidogo: unafanya uamuzi, unaita, unasafirisha. Ratiba nyingi za miradi nilizoziona zimechorwa vizuri lakini hazina mstari wa hatua. Mwezi unapita, kazi haijafanyika, ripoti inaandika "inaendelea", na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ikifika hapa fulani lazima aamue. Mama akiachwa hivyo leba, tunajua mwisho wake.

Kuna kalenda pia, na hili naliomba lisikilizwe na wahusika wa halmashauri kwa makini. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Kila anayefanya kazi na serikali anajua kinachotokea Mei na Juni: fedha iliyochelewa inafika, na inatakiwa itumike kabla haijarudi. Sasa mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mimi siungi mkono wanaolalamikia kupumzisha ziwa. Tumeona wenyewe samaki walivyopungua. Lakini tazama tarehe hizo zinavyopandana. Ziwa likifungwa miezi hiyo, mradi wowote wa dagaa unaojengwa kwa haraka ya Juni unajengwa mwaloni hakuna dagaa hata mmoja wa kuujaribia. Mkandarasi anakabidhi, kamati inakagua chuma na saruji, inapiga hesabu ya vipande, na mtumiaji wa kwanza anakuja kuugusa Agosti wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Na hata ziwa likiwa wazi, mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi na taa, wanapumzika mpaka giza lirudi. Mtu asiyejua kalenda ya mwezi anaweza kupanga siku ya majaribio, akakuta mwalo mtupu, akaandika kwamba mwitikio ni mdogo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Naomba niwakumbushe la hapa hapa. Katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, mwaka 1984, uwiano wa vifo vya akina mama ulikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwaka 1991 ulikuwa umeshuka hadi 186. Kazi hiyo iliongozwa na Dk. Godfrey Mbaruku, na yeye pamoja na Staffan Bergström wa Sweden waliichapisha mwaka 1995, ikasomwa dunia nzima. Nilipoanza ukunga miaka ya tisini, wakubwa wetu walikuwa bado wanatusimulia kipindi kile kwa fahari.

Walichofanya ni kitu gani? Hawakuanza na jengo. Walianza kwa kurudi kwenye kumbukumbu za 1984 hadi 1986, wakagundua kwanza kwamba hata vifo vyenyewe vilikuwa haviandikwi vyote. Kisha wakatafuta ni wapi mama angeweza kuokolewa na hakuokolewa. Kutoka hapo zikatoka hatua 22, nazo zikatekelezwa kuanzia 1987. Ukizisoma leo unashangaa zilivyo za kawaida. Vikao vya mara kwa mara vya kupitia kilichotokea na nani alipaswa kufanya nini. Ratiba ya matengenezo ya vifaa. Mafunzo kazini. Damu ipatikane. Utaratibu wa rufaa ueleweke. Malalamiko ya wananchi juu ya huduma yasikilizwe. Maji ya dripu yatengenezwe hapo hapo hospitalini kwenye kitengo kidogo. Waliangalia hata umbali kati ya nyumba za watumishi muhimu na hospitali. Nani angefikiria kwamba mama anaweza kufa kwa sababu ya mahali anapoishi mtu wa kumhudumia? Aliyefikiria ni mtu aliyefuatilia usiku mmoja mmoja, akaona saa zinapotelea wapi.

Hiyo kwangu ndiyo fikra ya usanifu na ndiyo usimamizi wa mradi, vyote viwili vimeshikana, na vilifanyika Kigoma kabla wengi wa vijana hawa hawajazaliwa. Malalamiko ya wananchi yalikuwa sehemu ya mpango. Matengenezo yalikuwa sehemu ya mpango. Na gharama ilikuwa ndogo. Ningependa kila mkufunzi anayekuja Kigoma na mifano ya kampuni za California aanze na huu.

Sitarefusha juu ya Gombe, maana wasomaji wengi wanaujua mpango wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya marehemu Jane Goodall. Niseme tu kwamba waliotaka kuokoa misitu na sokwe walituma Watanzania kwenda kuwauliza wanavijiji shida zao, na wanavijiji wakataja zahanati, shule na maji. Wakaanza na hizo. Miti ilifuata. Na kwa mfano wa kinyume, jirani zetu wa Tabora wanayo Urambo, iliyokuwa moja ya sehemu tatu za ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1946 ujumbe ulizunguka nchi kwa wiki tisa tu, matrekta yakaletwa, na kufikia Januari 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Hapakuwa na shamba dogo la kujaribia kwa misimu ya kutosha kabla ya kufyeka mapori. Wakulima wa Kigogo na Kinyamwezi waliijua mvua ya kwao, na hawakuulizwa.

Najua hoja itakayokuja: wananchi wana shida sasa hivi, majaribio yanachelewesha maendeleo. Nimeisikia mara nyingi, hata kutoka kwa viongozi ninaowaheshimu. Majaribio ya fremu ya miti hayakutuchelewesha chochote ambacho kichanja cha chuma hakikuchelewesha zaidi. Kile cha chuma kimesimama pale kimeanikiwa mihogo. Na mfumo wa m-mama, unaomwezesha mama mwenye dharura kupigiwa namba 115 bila malipo na kupelekwa hospitali hata kwa gari la dereva wa kawaida ambaye analipwa kwa simu, ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2022 ukaanza kupelekwa nchi nzima. Kama suala la uhai wa mama na mtoto liliweza kusubiri lijaribiwe kwanza, choo cha soko na kichanja cha dagaa vinaweza.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinapoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, vinatakiwa kuleta andiko la mradi. Andiko hilo liongezwe ukurasa mmoja: nani alijaribu kitu hiki, alisema nini, na mmebadilisha nini baada ya kumsikia. Ukurasa huo uwe na uzito sawa na ule wa bajeti. Miradi ya halmashauri yenyewe na ya wafadhili nayo ifungwe na sharti hilo hilo, na sehemu ya fedha ya mkandarasi izuiwe mpaka watumiaji wametumia kwa msimu mmoja, siyo mpaka kamati imekagua rangi. Katika hati ya makabidhiano paandikwe jina la msimamizi mmoja na chanzo cha fedha za matengenezo. Kama havijulikani, hati isisainiwe. Tena ubao wa mradi ule unaoandikwa jina la mfadhili na gharama, uandikwe pia namba ya simu ya ofisi ya kupelekea malalamiko, kwa maandishi makubwa ambayo mama asiyevaa miwani atayasoma.

Kwa wanaoandaa mafunzo nina ombi jepesi. Gharama ya ukumbi na chakula cha hotelini ingetosha kuwaweka vijana mwaloni, sokoni Mwanga au kwenye zahanati ya kijiji kwa muda wa kuona kitu. Waleteni. Sisi hatutaki posho ya kukaa. Tunataka mtu atakayekaa nasi mpaka aone tunapoumia, halafu abaki wakati wa kutengeneza na wa kurekebisha. Na vijana wenyewe wasiogope kuambiwa na bibi asiyejua kusoma kwamba wazo lao halifai. Yule binti aliambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na leo akina mama wanamtafuta kwa simu wakitaka ushauri wa mambo mengine kabisa.

Kikundi chetu kiko tayari kupokea darasa lijalo hapa Kibirizi. Waandaaji wamwone mwenyekiti wa mtaa, atawaelekeza. Waje siku zisizo na mbalamwezi, wafike kabla ya jua kuchomoza, na waje msimu wa mvua, maana kiangazi kila kichanja kinaonekana kizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkunga mstaafu na katibu wa kikundi cha wachakataji dagaa,
Kibirizi, Kigoma